Kubomoa Kiwanda cha Mafuta: Utupu Huthibitishwa, Hauaminiwi

Tangi lililojaa petroli si la kuogopwa kama lile lililotolewa petroli jana. Lililojaa halina nafasi ya hewa, na petroli isiyo na hewa haiwaki. Lililomwagwa lina hewa tele, kuta zimelowa, na sakafuni kuna tope linaloendelea kutoa mvuke. Mvuke huo ukishafika kama asilimia 1.4 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Ndiyo maana fundi aliyekomaa akiambiwa "hilo tupu, wewe kata tu", huutua mtungi wake wa gesi ya kukatia chini na kuuliza: nani kalipima, saa ngapi, kwa kifaa gani?

Swali hilo ndilo kiini cha kazi nzima ya kubomoa kiwanda cha kusafisha mafuta. Kreni, misumeno na malori ya kubebea vyuma, mkandarasi yeyote wa ubomoaji anavijua. Ila nyumba ya ghorofa haina mabomba ambayo kila moja limebakiza kitu tumboni. Haya nimeyaandika kwa msimamizi atakayekabidhiwa kazi hiyo, kwa kibarua atakayeingia ndani ya tangi, na kwa jirani anayelala upande wa pili wa ukuta.

Huku kwetu mambo haya si ya mbali. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963, kikaongezewa sehemu ya pili mwaka 1974, na kikaacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Cha TIPER kule Kigamboni, Dar es Salaam, kilikuwa kimeacha miaka mingi kabla ya hapo. Vyote viwili matangi yake yaliendelea kutunza mafuta. Hali hiyo, ya mitambo iliyokufa kusimama bega kwa bega na matangi yaliyo hai, ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana bomba lililokufa laweza kuwa bado limeshikana na lililo hai, na asijue mtu.

Anza na wazee wa zamu

Kabla ya kuagiza kreni, tafuta michoro ya kiwanda. Kisha tafuta watu waliofanya kazi humo, kwa sababu michoro husema uongo. Kiwanda kilichofanya kazi miaka 40 au 50 kimebadilishwa mara nyingi: bomba limekatwa huku, limeongezwa kule, pampu imehamishwa, na mchoro haukuguswa. Mzee aliyekuwa zamu ya usiku mwaka 1985 ndiye anayekumbuka kwamba chini ya barabara ile kuna bomba la zamani lililofunikwa likiwa na mafuta yake. Mlipe. Tembea naye kiwanja kizima kwa siku kadhaa, mkiwa na rangi ya kupulizia na daftari, na kila bomba mlitie alama: linatoka wapi, linakwenda wapi, lilibeba nini, nini kingeweza kubaki. Gharama ya mzee huyo haifiki hata mafuta ya kreni ya wiki moja, na bado ni watu wachache wanaomwajiri. Hilo huniuma kila ninapolifikiria.

Vipande vya bomba visivyo na mtiririko, vile vilivyozibwa mwisho vikaachwa, vitiliwe alama nyekundu. Mafuta na maji hutuama humo na kula chuma kwa ndani. Ndivyo vinavyotoboka kwanza.

Vali iliyofungwa haitoshi

Baada ya kutambua, tenganisha. Mtu akikuambia bomba liko salama kwa kuwa vali imefungwa, usimkubalie. Vali huvuja, hasa iliyokaa miaka bila kuguswa, na vali hufunguliwa na asiyejua. Ama uingize sahani ya chuma kati ya maungio mawili ya bomba, nene kiasi cha kuhimili shinikizo la upande ulio hai, ama, bora zaidi, utoe kipande kizima cha bomba na kuacha pengo ambalo kila mtu analiona kwa macho. Pengo halihitaji maelezo. Mtu wa zamu ya usiku ataliona bila kusoma karatasi yoyote.

Kila sahani iwe na namba, na namba hizo ziwe kwenye ubao mmoja uliotundikwa penye ofisi ya vibali. Umeme vivyo hivyo: usizime swichi tu, kata nyaya kutoka chanzo chake, kisha pima. Penye mitambo hai jirani, chora mstari ardhini na ujenge uzio. Upande huu ni wa wabomoaji, upande ule ni wa wenye matangi. Asivuke mtu bila kibali cha pande zote mbili.

Kuosha na kupima

Hapa ndipo muda wako mwingi unapaswa kwenda, na hapa ndipo wakandarasi wengi huharakisha kwa sababu siku za kuosha haziingizi hela. Kwanza mafuta yote yanayoweza kupampiwa hutolewa. Mabomba husukumwa maji, kisha mvuke wa moto au gesi ya naitrojeni kufukuza mvuke wa mafuta. Tope la sakafuni huondolewa kwa mashine ya kufyonza. Hata mashine hiyo, na kila mpira wake, lazima viunganishwe na ardhi kwa waya, maana mafuta yanayokimbia ndani ya mpira huzalisha umeme tuli, na umeme huo hutoa cheche.

Tarehe 2 Juni 2011, katika kiwanda cha Pembroke, Wales, watu walikuwa kwenye kazi ya kawaida kabisa: kusafisha tangi kwa lori la kufyonza. Mvuke uliokuwa tangini ukalipuka. Wafanyakazi 4 walikufa na wa 5 akaumia vibaya. Paa la tangi, lenye uzito wa tani 5, lilirushwa mita 55 na kugonga tangi la kuhifadhia butani. Kiwanda hicho hakikuwa kinabomolewa, lakini kazi ile ndiyo hiyohiyo utakayoifanya wewe, mara mia.

Kuna adui mwingine anayewashangaza hata mafundi wa miaka mingi. Mafuta ghafi yana salfa. Salfa hula chuma na kuacha unga mweusi, salfaidi ya chuma, kwenye kuta za minara na matangi. Ukiwa umelowa au hauna hewa, unga huo umetulia. Fungua mlango wa mnara, acha jua na upepo wa bahari viukaushe, nao utaanza kupata moto wenyewe bila kiberiti. Kwanza utaona moshi mwembamba, kisha vijichembe vinavyong'aa kama jivu la sigara, na ukikutana na mvuke wa mafuta mambo yamekwisha. Dawa yake ni maji: uloweshe kabla ya kufungua, uendelee kuulowesha unapoukwangua, na taka zake uzibebe zikiwa majimaji hadi mahali pa kuziteketeza. Zipo pia dawa za kuosha zinazouua unga huo, kama pamanganeti ya potasiamu, ambazo husukumwa ndani ya mtambo kabla haujafunguliwa.

Sasa kipima gesi. Watu hukitazama kama saa ya ukutani, lakini kina lugha yake. Kikionyesha 10 kwenye gesi inayowaka, hakisemi asilimia 10 ya hewa. Kinasema umefika sehemu ya kumi ya kiwango cha chini kabisa kinachoweza kulipuka. Hapo mtu haingii, na kwa kazi ya moto unataka sifuri. Pili, vipima vingi vya aina hiyo huhitaji oksijeni ili vifanye kazi. Ndani ya tangi lililojazwa naitrojeni kipima kama hicho kitaonyesha sifuri, na sifuri hiyo ni ya uongo. Kwa hiyo oksijeni hupimwa kwanza. Hewa ya kawaida ina asilimia 20.9, ikiwa chini ya 19.5 mtu haingii bila mtungi wa kupumulia, na ikizidi 23.5 kila kitu huwaka kwa pupa.

Tatu, hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Wengi hujidai pua zao zinawatosha. Gesi hiyo ikifika kama sehemu 100 kwa milioni huifisha pua, na ikizidi sana humwangusha mtu kwa pumzi chache. Ukiinusa, toka. Harufu ikipotea ghafla, usijipe moyo kwamba imeisha: kimbia. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila mtungi na kamba. Wengi wamekufa matangini wakiingia kuokoa.

Pima juu, katikati na chini, maana gesi hizi nyingi ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni. Rudia baada ya chakula cha mchana. Tangi lililokuwa safi saa 1 asubuhi, likipigwa na jua la Mombasa hadi saa 8, tope lake hutoa mvuke mpya. Rudia kila tope linapokorogwa. Andika kila kipimo, saa yake na jina la aliyepima.

Na pima penyewe. Huko Philadelphia, Marekani, alfajiri ya tarehe 21 Juni 2019, kiwiko kimoja cha bomba kilipasuka katika kiwanda kilichokuwa kikisafisha mapipa 335,000 kwa siku. Chuma cha kiwiko hicho kilikuwa na shaba na nikeli nyingi kupita kiasi, hivyo kililika upesi kuliko vipande vilivyokuwa jirani yake. Kilikuwa kimebaki na unene wa milimita 0.3. Wakaguzi walikuwa wakipima unene wa bomba hilo miaka nenda rudi, lakini kwenye maeneo mengine ya bomba, siyo kwenye kiwiko chenyewe. Mlipuko ulirusha kipande cha tani 17 hivi kikavuka mto Schuylkill. Asidi ya hidrofloriki, ambayo ni sumu kali, ilivuja, na iliyobaki mitamboni ilibidi iuliwe makali palepale kabla ya jambo jingine lolote. Kiwanda hakikufunguliwa tena. Kiliuzwa mwaka 2020, na wanunuzi wakaanza kukibomoa. Kila mbomoaji anapaswa kukumbuka kiwiko hicho: kupima jirani si kupima chenyewe.

Yaliyojificha

Ukidhani umemaliza kuosha, zungukia tena ukitafuta mashimo yaliyofungwa. Vyuma vya kushikia mikono kwenye ngazi ni mabomba, na bomba lenye kitobo hunywa mafuta. Nguzo zinazoshikilia paa la tangi ni mabomba vilevile. Paa linaloelea lina vyumba vyake vya hewa, na kimoja kikitoboka hujaa petroli. Toboa tundu dogo kwa keekee inayozungushwa polepole, huku ukimwagia maji, kisha pima, kabla moto haujasogezwa karibu. La hatari kuliko yote ni sakafu ya tangi. Kama iliwahi kuvuja, kuna mafuta chini yake mchangani. Unaweza kuwa umesimama ndani ya tangi safi linalong'aa, ukakata sakafu, ukawasha kilichoko chini ya miguu yako.

Asbesto iko kwenye blanketi la mabomba ya moto na kwenye gasketi za viwanda vilivyojengwa miaka ya 1960 na 1970. Hiyo hutolewa kwanza, ikiwa imeloweshwa, na watu wenye vinyago maalumu, ikatiwa katika mifuko miwili na kufungwa. Kamwe isipasuliwe na meno ya mashine. Rangi ya zamani ya kuzuia kutu ina risasi, na fundi anayeikata kwa moto bila kinyago huvuta moshi wake mchana kutwa. Ikwangue mahali pa kukatia kwanza. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye sumu isiyooza. Vichocheo vilivyoko ndani ya mitambo vina nikeli, molibdeni na wakati mwingine platinamu. Vina thamani na vina sumu, vingine hupata moto vyenyewe vikikutana na hewa, basi vikabidhiwe wanaovijua.

Na kuna vifaa vidogo ambavyo vijana wa skrapu huvipenda kwa uzito wake: vipimo vya kina cha mafuta vinavyotumia mionzi, vikiwa na sesiamu-137 ndani ya ganda la madini ya risasi. Hesabu yake iwe mkononi kabla ya siku ya kwanza, na vitolewe chini ya macho ya mamlaka inayohusika: Tume ya Nguvu za Atomiki kwa Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kwa Kenya. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu walichukua kifaa cha sesiamu kutoka hospitali iliyoachwa na kukiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Unga wake uling'aa buluu gizani, watu wakagawiana kama pambo. Wanne walikufa, na watu 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi.

Kukata na kuangusha

Ukifika hapa ukiwa na karatasi zote, kukata ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Penye shaka yoyote kata kwa baridi: mkasi mkubwa wa kwenye ekskaveta, msumeno, au maji ya shinikizo kubwa. Moto uje mwisho, kwa kibali cha zamu hiyo tu, na mtu mmoja asimame na mpira wa maji bila kazi nyingine.

Minara mirefu hushushwa kwa kreni vipande vipande, au hukatwa kwenye shina na kuvutwa ianguke upande uliopangwa. Ukichagua kuivuta, pima unene wa shina kwanza; chuma kilicholika hakiangukii unakotaka. Pia usidhoofishe nguzo leo kwa ajili ya kuangusha wiki ijayo, kisha ukaruhusu watu wapite chini yake. Tarehe 23 Februari 2016, jengo la mitambo ya kuzalisha umeme la Didcot, Uingereza, liliporomoka wakati linaandaliwa kubomolewa, likaua watu 4. Mwili wa mwisho ulipatikana Septemba mwaka huohuo.

Chuma kinapotoka getini

Chuma kilichotoka kwenye kiwanda cha mafuta kisitoke kama chuma cha gari bovu. Kila lori lipite kwenye kipima mionzi na liwe na karatasi inayosema limebeba nini na limeoshwa lini. Mombasa inajua gharama ya kutojali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewapigania baada ya mwanawe kukutwa na sumu hiyo, alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Taka ikitoka getini bila kufuatiliwa, huishia uani kwa mtu maskini.

Ardhi ni hesabu nyingine, ndefu kuliko ubomoaji. Mafuta yaliyovuja kwa miaka 50 huelea juu ya maji ya chini ya ardhi na kusafiri nayo, yakibeba benzini, ambayo huleta saratani ya damu. Chimba visima vya kupimia kuzunguka kiwanja kabla ya kubomoa, ili ijulikane nini kilikuwepo, na uendelee kuvipima baada ya malori kuondoka. Visima vya majirani vipimwe pia, na majibu wapewe wenyewe mkononi, kwa Kiswahili, si yafungiwe ofisini.

Suala la nani analipa liandikwe kabla ya msumari wa kwanza kung'olewa. Mwenye kiwanda akitaka kukuuzia eneo kwa bei ya kutupa na kukwambia vyuma vitalipa gharama zote, kumbuka kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bei ya vyuma hupanda na kushuka. Tope la sumu halishuki. Fedha za kuosha na za ardhi ziwekwe kando, benki, zisitegemee skrapu. Serikali zinazotia saini mikataba ya viwanda vipya, Uganda ikiwa mojawapo, zidai fedha hizo tangu siku ya uzinduzi, kiwanda kikiwa bado kinaingiza hela.

Jambo la mwisho halihusu chuma. Ugonjwa wa asbesto huweza kujitokeza miaka 20, 30, hata 40 baada ya mtu kuvuta vumbi lake, wakati kampuni imeshavunjwa na msimamizi ameshastaafu. Mwajiri, andika jina la kila kibarua, hata wa siku moja, kazi aliyoifanya na vumbi alilokutana nalo, na nakala uipeleke kwa mkaguzi wa usalama kazini. Na wewe kibarua, usiondoke siku ya mwisho bila nakala yako. Iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, na umwonyeshe mkeo au mwanao mahali ilipo.